Kilemba cha Fundi: Mabinti wa Visiwani na Historia ya Sindano



Majuma machache yaliyopita tulimsindikiza biharusi mmoja Darajani kutafuta kofia ya mume mtarajiwa. Alitaka kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono, kama ile aliyovaa babu yake katika picha iliyotundikwa ukumbini kwao. Tukaingia duka la kwanza, la pili, la tatu. Kila tulipouliza tuliletewa kofia nyeupe pe, zimenyooka, zimedariziwa kwa mashine huko ng'ambo na kutiwa kwenye mifuko ya nailoni. Katika duka la nne mwenyewe aliinama, akatoa boksi chini ya meza, na ndani yake mlikuwa na kofia mbili za mkono. Alipotaja bei biharusi wetu akashtuka. Sisi tukauliza jambo jengine: aliyeishona amepata kiasi gani? Bwana yule akacheka kidogo. "Ah, hao ni kina mama wa majumbani," alisema. "Wanapitisha wakati tu."

Tulitoka pale na neno hilo limetukaa kooni. Kofia ile ilikuwa na vitundu ambavyo hata kuvihesabu tulishindwa, kila kimoja kimetobolewa na kuzungushiwa uzi kwa mkono. Hiyo ni kazi ya wiki nyingi, pengine miezi. Mwashi akijenga ukuta kwa miezi miwili hakuna anayesema alikuwa anapitisha wakati. Basi tukaona tukae chini, tuulizane na wazee, tufungue na vitabu, tujue neno hili lilitoka wapi. Makala ya leo ni marefu kidogo, tutayarishieni chai.

Kilemba, mkaja na ubeleko

Tuanze na maneno ambayo kila biharusi wa kwetu ameyasikia wazee walipokaa kupanga posa. Kuna mkaja wa mama, kuna ubeleko, kuna kilemba. Siku hizi vyote hivi hutajwa kwa fedha na huandikwa kwenye karatasi, lakini majina yenyewe ni ya nguo. Mkaja ni kitambaa anachofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua. Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Kilemba kila mtu anakijua. Pwani hii nguo ilikuwa shukrani, ilikuwa heshima, na kwa muda mrefu ilikuwa ni fedha kabisa, mtu akinunulia vitu kwa pima na kwa doti.

Neno kilemba lilikuwa na kazi ya pili, na hii vijana wengi hawaijui. Mwanagenzi aliyekuwa akijifunza ufundi, uwe useremala au uashi au ushonaji wa nguo, alimaliza mafunzo yake kwa kumpa fundi wake kilemba. Kijana alikaa kwa fundi muda mrefu, akitumwa huku na huku kwanza, kisha akishikishwa chombo kidogo kidogo, mpaka siku anaachiwa afanye kazi peke yake. Hapo kilemba hutolewa. Hakukuwa na cheti, lakini watu walijua: huyu sasa ni fundi, ana bei yake.

Tulipowauliza bibi zetu nani aliwatolea kilemba walipojua kushona, walitutazama kama tumewauliza nani alilipa walipojifunza kutembea. Binti alifundishwa na mama, na shangazi, na somo wake. Alishika sindano kwa sababu ni binti. Yalikuwa ni malezi. Na hapo ndipo, kwa mtazamo wetu, mambo yote yaliyofuata yalipoanzia. Kwa kuwa kujifunza kwake kulihesabiwa kuwa ni malezi, kazi yake nayo ikahesabiwa kuwa ni kupitisha wakati, na bei ikafuata huko huko.

Uzi wetu na merikani yao

Wengi tumezoea kudhani kwamba nguo kwetu ni kitu cha kushushwa bandarini. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wataalamu wa mambo ya kale waliofukua Kilwa walikuta vigurudumu vidogo vyenye tundu katikati, vingine vimechongwa kutokana na vigae vya vyungu vilivyovunjika. Ni vya kusokotea uzi wa pamba. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipopita Mogadishu alieleza nguo zilizofumwa mji ule na kupelekwa mpaka Misri. Nguo za hariri za Pate zilisifiwa na Wareno. Na Mreno mmoja, Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16 aliandika habari za watu wa Sofala: walikuwa wakifuma nguo nyeupe za pamba, na kwa kuwa hawakuwa na rangi za kutilia, walichukua nguo za rangi zilizotoka Cambay, Bara Hindi, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakazifuma upya pamoja na nyuzi zao. Hebu fikiria kuifumua nguo nzima mpya kwa ajili ya uzi! Watu hao walijua hasa wanachokitaka.

Karne ya 19 ikaja na marobota. Mwaka 1833 Sayyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Marekani, na meli za Salem, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Massachusetts, zikawa zinafika Unguja kuchukua pembe na sandarusi. Zilicholeta zaidi ni nguo ya pamba isiyopaushwa, nzito, ya kudumu, na watu wakaiita kwa jina la ilikotoka: merikani. Ilienea Unguja, ikavuka hadi bara, ikawa ndiyo nguo ya kufanyia biashara kwenye misafara.

Merikani hiyo ilifumwa na nani? Na mabinti. Viwanda vya Massachusetts na majimbo ya jirani, na mashuhuri kuliko vyote ni vile vya mji wa Lowell, viliajiri wasichana wa mashambani, wengi wao hawajaolewa. Walilazwa kwenye mabweni ya kampuni, wakaamshwa kwa kengele, wakasimama mbele ya mashine saa kumi na mbili na zaidi kwa siku. Walipata mshahara wao wenyewe, jambo ambalo wengi wa mama zao hawakulijua. Mwaka 1834 kampuni zilipotaka kupunguza ujira waliacha kazi wakatoka nje, na mwaka 1836 wakatoka tena. Na pamba waliyoifuma ilichumwa kusini mwa nchi hiyo na Waafrika waliokuwa watumwa.

Tulipofika hapa katika kusoma kwetu tulinyamaza kidogo. Hapa Unguja merikani ilikuwa vazi la watumwa wa mashamba ya karafuu pia. Mtumwa amechuma pamba kule, binti wa bwenini ameifuma, mtumwa mwengine ameivaa huku. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861 pamba ikaadimika, meli za Salem zikapungua, na nguo za Uingereza na Bombay zikaziba pengo. Jina la merikani likabaki hata nguo ilipokuwa haitoki tena Marekani.

Kwa mafundi wa huku, maana yake ilikuwa moja. Kusokota na kufuma vilishindwa na bei ya robota. Kilichobaki mikononi mwetu ni sehemu ya mwisho ya nguo, yaani kukata, kushona na kudarizi.

Leso sita

Na katika sehemu hiyo ya mwisho ndipo walipotokea wanawake na jambo lao. Inasimuliwa kwamba wanawake wa mjini walichoka na kipande kimoja kimoja cha leso, zile za mraba zilizoletwa na Wareno na ambazo jina lake tumelichukua kwao. Leso ziliuzwa zikiwa jora, hazijakatwa. Wao wakanunua urefu wa leso sita, wakaukata katikati, wakaziunganisha tatu juu na tatu chini kwa sindano, wakapata nguo pana yenye nakshi. Wafanyabiashara walipoona linavyopendwa wakaagiza nguo iliyochapwa tayari kwa upana huo. Kanga ikazaliwa, katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Mpaka leo Mombasa wanaiita leso.

Tunapenda kisa hiki, lakini tunakisoma kwa jicho jengine kuliko linavyosomwa kwenye vipeperushi vya watalii. Wazo lilitoka kwa washonaji wasio na jina. Faida ikaenda kwa walioweza kuagiza. Kanga zilichapwa Manchester, zikachapwa Uholanzi, na baadaye Japani na India. Mfanyabiashara mmoja wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyefungua duka mwaka 1887, mpaka leo anajulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla" kwenye pindo la kanga zake. Hatumlaumu, biashara ni halali na yeye aliijua kazi yake. Tunasema tu kwamba pindo lina nafasi ya jina moja.

Kwa waliotoka utumwani kanga ilikuwa zaidi ya pambo. Amri ya tarehe 6 Aprili 1897 iliondoa hali ya utumwa kisheria Unguja na Pemba, ingawa masuria hawakuhusishwa na amri hiyo hadi mwaka 1909. Mwanamke aliyekuwa akivalishwa kaniki au merikani na bwana wake sasa alinunua doti yake mwenyewe, kwa pesa zake, akachagua jina lake. Pesa hizo zilitoka wapi? Katika kuchuma karafuu, kufua nguo za watu, kupika vitafunio vya kuuza, kusuka ukili, na kushona.

Mbweni, na skuli ya mwaka 1927

Mafunzo ya ushoni yenye darasa, mwalimu na ratiba yalianza hapa kisiwani kwa watoto waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Misheni ya Kiingereza ilinunua shamba Mbweni mwaka 1871, na skuli ya wasichana ya Mtakatifu Maria ikajengwa pale. Kuanzia mwaka 1877 iliongozwa na Mwingereza Caroline Thackeray, aliyekaa Unguja mpaka kufa kwake. Walioonekana wana kichwa cha kusoma walitayarishwa kuwa waalimu. Waliobaki waliwekwa upande wa kazi za mikono, wakifundishwa kushona, kufua na kupika.

Ukienda Mbweni leo utaona magofu yake, na maharusi wengi wamepiga picha pale bila ya kujua. Sisi ni Waislamu na ile ilikuwa skuli ya misheni yenye makusudio yake, hilo tunalielewa. Lakini mgawanyo ule tuutazame vizuri, kwa sababu uliendelea muda mrefu na katika skuli za kila namna: anayefahamu apewe kitabu, asiyefahamu apewe sindano. Kushona kukawa adhabu ya kushindwa. Nani kati yetu hajawahi kumsikia mzazi akisema, "Huyu kafeli, bora tumpeleke cherehani"?

Katika majumba ya wenyewe hali ilikuwa kinyume, na kichekesho chake ni kikubwa. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Humo anaeleza kwamba mabinti wa jumba la mfalme walifundishwa kuisoma Qur'ani lakini si kuandika. Kuandika alijifunza kwa siri, akinakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia. Kazi za mikono hazikuhitaji siri yoyote. Mkono wa binti uliruhusiwa sindano, kalamu ukaiba.

Serikali ilifungua skuli ya wasichana mjini Unguja mwaka 1927. Wazazi walikuwa na wasiwasi, na ili waridhike Qur'ani na kazi za nyumbani vilipewa nafasi, ushoni ukiwemo. Mabinti wengi wa mjini walitolewa majumbani kwa hoja kwamba watarudi wakiwa wake bora. Hoja hiyo ilifungua mlango na tunawashukuru waliofikiria kuitumia, kwa sababu ndani ya mlango ule walitoka waalimu wa kike wa kwanza wa serikali. Ila ushoni wenyewe uliingia darasani ukiwa umevaa vazi lile lile la zamani: matayarisho ya nyumba. Haukuingia ukiwa ni kazi ya kumlisha mtu.

Mwenye cherehani alikaa barazani

Cherehani ilipofika, ilipata pa kukaa barazani. Na barazani walikaa wanaume. Wazee wetu wanawakumbuka mafundi wa Kihindi na wa Kiswahili, kila mmoja na mashine yake ya miguu kwenye kibaraza cha duka la nguo, futi ya kupimia shingoni. Ukinunua doti ya kanga unaipeleka hapo hapo ikatwe na kupindwa. Kanzu, suruali, sare za skuli, zote ni zao. Fundi wa barazani alionekana, alijulikana kwa jina, alipatana bei na mteja uso kwa uso, na alichukua mwanagenzi akamfundisha. Akitaka kumwongeza bei mteja wa haraka ya Idi, alimwongeza.

Mwanamke alishonea ndani, kwa mkono. Kazi iliyomfaa ilikuwa ile inayoweza kuwekwa chini mtoto akilia na kushikwa tena usiku, na hiyo ni kofia. Kwa asiyewahi kuiona ikishonwa, tueleze kidogo, kwani ndiyo kiini cha habari yetu.

Kofia ya mkono ina vipande viwili: duara la juu na mkanda wa kuzunguka kichwa. Kitambaa ni cheupe cha pamba. Kwanza huchorwa, na mchoraji mara nyingi ni mtu mwengine mwenye mkono wake, anayejua maua gani yatakutana wapi vipande vikiunganishwa. Kisha ndipo sindano huingia. Kila kitundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi ukavutwa kwa kipimo kimoja, si wa kulegea wala wa kukaza mpaka kitambaa kikunje. Kosa moja la kukaza, duara halitokaa sawa. Mwisho vipande huunganishwa, kofia hufuliwa, hutiwa wanga na kuwekwa kwenye umbo ikauke. Kofia moja inaweza kupita mikononi mwa watu watatu au wanne kabla ya kufika dukani.

Shangazi yetu mmoja, ambaye macho yake sasa hayamruhusu tena, alijifunza akiwa na miaka tisa. Hakupewa kofia. Alipewa kipande cha kitambaa kibovu, akatoboa vitundu na kuvizungushia mwaka mzima, na kila jioni mama yake alivifumua. "Mpaka siku moja hakufumua," anasema. Hakuna neno lililosemwa. Asubuhi yake alipewa mkanda wa kofia ya kweli. Hayo ndiyo yalikuwa mahafali yake.

Pesa aliipataje? Dalali alipita nyumba kwa nyumba, mwanamme au bibi mtu mzima, akichukua zilizokwisha na kuacha kitambaa kipya. Mshonaji hakumjua mnunuzi, mnunuzi hakumjua mshonaji. Stara yake ilihifadhika, alhamdulillah, na hilo si jambo dogo. Lakini mtu asiyeonekana ni vigumu kupatana bei. Dalali akisema soko baya, utabisha kwa lipi? Shangazi anakumbuka kofia aliyoishona mfungo mzima wa Ramadhani ikirudishiwa bei nusu kwa sababu ilikuwa na doa dogo la ndani. Hakuthubutu kuidai. Aliona haya kuonekana ana shida.

Tumelizungumza sana hili la haya. Katika Suratun Nisaa, aya ya 32, limetajwa fungu la wanawake katika walichokichuma, kama lilivyotajwa la wanaume. Chumo la mwanamke ni lake, mume hana amri nalo. Na Mtume wetu (s.a.w.) amehimiza mfanyakazi alipwe ujira wake mapema, kabla jasho halijakauka. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba hukumu hii ni ya waashi na wapagazi tu. Kilichowanyima bibi zetu haki yao ni mazoea ya kuiita kazi kwa jina jengine.

Inafaa kusema pia kwamba kofia hizi zilikwenda mbali. Oman wanaume huvaa kumma, dada wa kofia yetu, na Waomani wengi wenyewe huihusisha na Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi zilihama, na kuanzia 1970, Sultan Qaboos alipowaita wenye asili ya Oman warudi kuijenga nchi, wengi waliotoka Unguja na Pemba walikaa huko. Walihama na lugha, na mapishi, na kofia. Mpaka leo kofia nzuri ya mkono kutoka visiwani ina mteja Muscat, na bei ya huko ukilinganisha na anayolipwa mama wa kijijini, utashika kichwa.

Viwanda, foleni na ruksa

Kulikuwa na muda ambapo ilionekana kazi ya nguo itakuwa kazi kweli, ya mshahara na kadi ya mfanyakazi. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, Tanzania ilijenga viwanda vya nguo bara. Urafiki, kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968, na mwaka huo huo Mwatex kikaanza Mwanza. Maelfu ya vijana walifundishwa kusokota, kufuma na kuchapa. Kanga na vitenge vya Urafiki vilifika mpaka kwetu, na mama zetu wanaweza kukutajia mitindo yake. Tangu karne za wafumaji wa Kilwa, pamba ya huku ilikuwa haijawahi kufanyiwa kazi kwa wingi namna ile huku huku.

Habari ya baadaye ni ya huzuni na tutaipita haraka. Mashine zilichakaa, vipuri vikakosa fedha za kigeni, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo zikaadimika nchi nzima, watu wakipanga foleni kwa kanga moja. Mwaka 1984 Mzee Ali Hassan Mwinyi aliposhika urais wa Zanzibar milango ya biashara ilianza kufunguliwa, na Darajani ikajaa bidhaa. Wanawake wengi walifurahi, na wana haki ya kufurahi, aliyekaa foleni anajua. Wengine wakaanza kusafiri Dubai wenyewe kuleta mizigo. Lakini nguo mpya za nje na mitumba viliwakuta mafundi wetu hawana kinga. Viwanda bara vilisinyaa, na Urafiki yenyewe ikageuzwa ubia na Wachina katika miaka ya 1990. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza mitumba mpaka iishe, Marekani ikatishia kuwaondolea nafuu ya soko, na Rwanda peke yake iliposhikilia msimamo ilisimamishiwa nafuu ya nguo mwaka 2018. Merikani inarudi kwa jina jengine, ndivyo tulivyoona sisi.

Cheti kipo, mteja yuko wapi?

Leo binti wa Unguja au Pemba anayetaka kujifunza ushoni hahitaji kusubiri mama yake aache kumfumulia. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, na ushoni ni miongoni mwa fani zake. Kuna vikundi vya ushirika, kuna na mafundi wanawake wanaofundisha majumbani kwa ada. Cherehani imeingia ndani na mwanamke ametoka barazani. Wasichana wanajifunza kupima, kukata kwa chati, kutumia mashine za kudarizi. Na wanapomaliza wanapewa cheti chenye jina lao. Tukikumbuka mfupa wa ngamia, si haba.

Tatizo tulilolikuta ni mbele ya cheti. Tulizungumza na mabinti waliomaliza. Mmoja hana cherehani, alikuwa akitumia ya kituo. Mwengine anayo, lakini kazi anazoletewa ni kupunguza mabuibui yaliyonunuliwa tayari na kubadilisha zipu. "Nimefunzwa kushona gauni la harusi," alituambia, "sijawahi kuombwa kulishona." Nguo ya harusi inatoka Uturuki, inatoka Dubai, inatoka China, na tusijitoe, tumo humu humu. Kwenye kurasa zetu hizi tumewahi kuwaelekeza maduka ya kuagizia. Baadhi yetu tuliolewa ndani ya nguo hizo na tulipendeza.

Hatuwezi kumwambia biharusi asivae anachokipenda. Lakini harusi ya kisiwani ina nguo nyingi: za siku ya singo, za kupamba chumba, mashuka, mito, sare za kina shangazi, kanzu ya bwana harusi, kofia. Nguo moja ya fahari inaagizwa, sawa. Hizo nyengine zote, kwa nini nazo ziletwe na ndege wakati binti aliyesomea yuko mtaa wa pili anabadilisha zipu? Na ukimpa, mpe kwa muda wa kutosha, usimpelekee kitambaa Jumatatu harusi Ijumaa, kisha ulalamike pindo. Wala usimwambie "nifanyie bei ya kidada" kisha ukampe mpigaji picha anachotaka bila kubisha. Tumeliona hili mara nyingi mno.

Upande wa mafundi nako kuna la kusemwa. Anayechukua kitambaa cha watu akatoa ahadi ya Alkhamisi akazima simu, huyo anawaharibia wenzake wote. Zamani mwanagenzi wa namna hiyo asingeachiwa.

Na kofia? Tulirudi kwa shangazi. Tulimwomba awafundishe mabinti wawili, mmoja amemaliza ushoni Mwanakwerekwe na mwengine bado yuko skuli. Alikataa mara mbili kwa sababu ya macho, mara ya tatu akasema wao watakuwa macho na yeye atatumia vidole. Sasa kila Jumamosi baada ya Alasiri wanakaa ukumbini kwake. Anapitisha kidole juu ya kila kitundu, na kilicholegea anakikuta.

Biharusi wetu ameagiza kofia yake hapo. Tulipatana bei mbele ya shangazi, nusu ikatolewa siku ile ile, na jina la mshonaji limeandikwa kwenye karatasi pamoja na la mnunuzi. Ilikuwa Mfungo Tano, harusi in shaa Allah ni baada ya Mfungo Sita. Duara limekwisha, mkanda umefika nusu. Yule mdogo bado anafumuliwa vitundu vyake kila jioni. Mama yake alitupigia simu juzi kuuliza, mtoto akishajua, kilemba cha shangazi ni kiasi gani siku hizi. Tukampelekea shangazi swali. Alicheka sana, kisha akanyamaza, akasema tumpe siku mbili afikirie bei.